Kausha damu: riba imetushinda kuikamata, tuanze na wanaobeba friji

MLETA MADA

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kurushiana maneno, maana karibu kila familia ina mtu anayewahi rejesho asubuhi hii.

Kila baada ya muda kiongozi anapanda jukwaani na kusema mikopo ya kausha damu, hii ya mtaani ya riba kubwa na marejesho ya haraka, sasa basi. Makofi yanapigwa. Kesho yake afisa mikopo yuko palepale kibandani anasubiri elfu tano yake. Na sheria ipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa 2018, kanuni zikatoka 2019. Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, ambao ndio hawa tunaowalalamikia: hawapokei amana, kazi yao kukopesha tu. Novemba 2024 Benki Kuu hiyohiyo ikapiga marufuku programu na majukwaa 69 ya kukopesha kwa simu yaliyokuwa hayana leseni.

Sasa tuchukue mkopo wa laki moja wa mtaani, wa kawaida kabisa. Hela ya fomu elfu kumi inakatwa hapohapo, unaondoka na elfu tisini. Unarejesha elfu tano kila siku kwa siku 26. Jumla 130,000. Yaani elfu tisini imekugharimu elfu arobaini, na wala hukukaa nayo mwezi mzima, kwa sababu ulianza kuirudisha kesho yake. Ukipiga wastani, kipindi chote ulikuwa unazungusha kama nusu yake tu. Kwa ukomo wa Benki Kuu, riba ya laki moja kwa mwezi ni 3,500. Lakini shika ile kadi ya marejesho uisome mwanzo mpaka mwisho, neno riba huenda usilione. Utakuta fomu, bima, ada ya usimamizi, faini ya kuchelewa.

Ndiyo maana nasema riba ni ngumu kuikamata. Mwenye uwezo wa kuichambua ni mkaguzi, na mkaguzi hafiki mitaa kama Buza. Lakini watu wanne wakija na bajaji mchana kweupe kubeba friji, TV na godoro, mtaa mzima unaona. Hoja yangu ni hiyo: nguvu ielekezwe kwenye namna deni linavyodaiwa. Anayeingia nyumbani kwa mtu na kutoa vitu bila amri ya mahakama akamatwe siku hiyohiyo kama anavyokamatwa mwizi. Anayeshikilia kadi ya benki ya mwalimu pamoja na namba yake ya siri, naye vivyo hivyo. Anayetuma ujumbe kwa kila aliyemo kwenye simu ya mdaiwa kumtangaza kuwa ni tapeli, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, itumike. Mkopeshaji asiye na uhakika wa kubeba friji itabidi amchunguze mtu kabla ya kumpa hela, na hiyo mikopo ya kugawa kama karanga itapungua yenyewe.

Karibuni mnipinge.

MCHANGIAJI, TANDIKA

Umeandika vizuri kaka, ila inaonekana hujawahi kuamka alfajiri huna hela ya mchele na wateja unao. Mimi ni mama lishe. Benki nilienda, nikaambiwa leseni, TIN, taarifa ya akaunti ya miezi sita na hati ya nyumba. Nyumba gani, nimepanga chumba na sebule. Kausha damu nilijaza fomu saa nne, saa nane nina hela mkononi. Nilijua kabisa ni ghali, hesabu naijua kuliko wewe, kila siku napigia hesabu vitunguu.

Na hapo kwenye friji umekosea mlengwa. Kwenye mikopo ya kikundi afisa habebi kitu. Tunadhaminiana watano. Mmoja akikosa rejesho, kikao hakivunjiki mpaka hela itimie. Watoto wanatoka shule wanakuta mlango umefungwa, mama yuko kwenye kikao anachangia deni la mwenzake. Sasa wenzake wakishachoka kumlipia, wanaokwenda kumtolea TV ni haohao, majirani zake, wanaoazimana naye chumvi. Utamkamata nani? Mimi mwenyewe nilishakwenda nyumbani kwa mtu. Alikuwa amehama usiku, tukakuta ndoo na jiko la mkaa. Tulibeba jiko.

MCHANGIAJI

Wanaume wenzangu, mnajua wake zenu wako vikundi vingapi?

MCHANGIAJI

Na wewe unaacha ya matumizi shilingi ngapi?

ALIYEWAHI KUWA AFISA MIKOPO

Nimefanya kazi hiyo, kampuni siitaji. Watu wanatuona kama majambazi, sawa, lakini rejesho la mteja lisipotimia lilikuwa linakatwa kwenye mshahara wangu. Jioni huwezi kurudi ofisini na kitabu chenye pengo. Ukiona afisa amekaa mlangoni kwa mtu mpaka saa tatu usiku ujue anadai mshahara wake.

Kuhusu kubeba vitu: mteja anasaini fomu yenye orodha ya vitu vyake, tunavipiga picha, mume anasaini, ofisi ya serikali ya mtaa inagonga muhuri. Kwa hiyo si kweli kwamba tunavamia. Mleta mada anataka twende mahakamani kwa deni la laki moja na nusu. Nauli za kwenda kusikiliza kesi peke yake zinamaliza faida. Kitakachotokea ni kwamba kampuni zenye ofisi zitaacha kuwakopesha wapangaji, watabaki wale wa mtu mmoja mwenye daftari, asiye na fomu wala ofisi. Huyo ukichelewa hachukui friji tu.

MLETA MADA

Mkuu, hapo kwenye mshahara umeniongezea hoja. Kampuni inamhamishia mfanyakazi hasara yake, mfanyakazi anaihamishia kwa kikundi, kikundi kinaibeba nyumbani kwa jirani. Mwenye mtaji yeye hajaguswa popote. Halafu saini ya mtu aliyekuwa na mtoto hospitalini, ya kwamba mkabebe godoro lake, mimi siiiti makubaliano ya biashara.

MCHANGIAJI

Riba ni haramu. Mada ifungwe.

MCHANGIAJI

Shehe, haramu tunaijua. Januari ada utanilipia?

MCHANGIAJI, NAKURU

Huku Kenya hiyo njia ya kushika riba tulishapita. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria, riba ya benki isizidi asilimia nne juu ya kiwango cha Benki Kuu. Tulishangilia sana. Benki zikaona afadhali ziikopeshe serikali, mwenye kibanda akaambiwa ajaribu kwingine. Novemba 2019 huo ukomo ukaondolewa. Na wakati huo wote programu za simu zilikuwa zinakopesha bila wasiwasi, kwa sababu hazikuwa benki na sheria haikuzihusu.

Kilichotusaidia kidogo ni kushika mwenendo wao, hapo namuunga mkono mleta mada. Mtu alikuwa anapelekwa CRB, yaani ofisi zinazotunza kumbukumbu za wadaiwa, kwa deni la shilingi mia tano, akiomba kazi anadaiwa cheti cha CRB. Mwaka 2020 Benki Kuu ikakataza kuorodhesha deni lililo chini ya shilingi 1,000, na wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa na mtu wakaondolewa kwenye huo mfumo. Kanuni za leseni zikafuata 2022. Kamishna wa Ulinzi wa Data naye ameshatoza faini wakopeshaji kwa kupigia watu ambao hawakukopa chochote, kosa lao ni namba yao kuwa kwenye simu ya mdaiwa. Ila shailoki, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, hana leseni ya kunyang'anywa. Huyo bado tunaye.

MCHANGIAJI, MAENDELEO YA JAMII

Nashangaa tumefika hapa hakuna aliyetaja asilimia kumi ya halmashauri. Kisheria kila halmashauri inatenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani ya kukopesha vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Haina riba hata senti. Ilisimamishwa 2023 baada ya madudu yaliyoibuliwa na CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikarejeshwa 2024. Kama fedha isiyo na riba ipo na watu bado wanapanga foleni kwa kausha damu, kuna kitu hatukisemi.

Nitakisema. Mama wa Tandika anataka laki mbili, peke yake, leo, za mchele. Halmashauri inataka kumpa yeye na wenzake wanne milioni kadhaa, baada ya kuandika andiko la mradi, za kutengeneza sabuni. Hajui kutengeneza sabuni. Kwa hiyo wanatafutana watu watano wasiofahamiana, wanapata hela, wanagawana, kila mtu anakwenda kwenye biashara yake, na marejesho yanakufa. Halafu tunaandika ripoti kwamba wanawake hawarejeshi, wakati haohao kwa kausha damu wanarejesha kila siku.

MCHANGIAJI, TANDIKA

Dada umesema kweli tupu. Sisi tulifundishwa batiki.

MWENYEKITI WA MTAA (jina na mtaa nahifadhi)

Nimesoma kimya, niongeze kitu kwa sababu yule aliyekuwa afisa ametutaja. Ni kweli, fomu zinakuja kwetu kugongwa muhuri. Kwa wiki naweza kugonga nyingi kuliko barua za mazishi na za shule zikiwekwa pamoja. Mwananchi anatoa elfu mbili tatu ya ofisi, na ofisi haina fungu jingine, hata karatasi tunajinunulia. Kwa hiyo mkisema mwenyekiti ndiye azuie watu kubebewa vitu, mjue muhuri wake tayari uko kwenye karatasi inayoruhusu kubeba. Siku ya tukio mdaiwa anakuja analia, mkopeshaji ananionyesha saini yangu. Nitasema nini?

MLETA MADA

Mheshimiwa, hili sikulifikiria na limenibadilishia mpangilio, ingawa hoja naibakiza. Kama hakuna mkopo unaotoka bila muhuri wenu, basi mlango mmoja wa kuubana upo, na hauhitaji sheria mpya. Orodha ya wakopeshaji wenye leseni inatolewa na Benki Kuu. Mwenyekiti amwambie afisa alete nakala ya leseni ndipo agonge. Pili, agonge fomu yenye mistari miwili tu iliyoandikwa kwa wino: hela anayoondoka nayo mkononi, na jumla atakayorejesha. Bima, ada na usimamizi wajipangie wenyewe humo katikati. Tatu, ukurasa wa orodha ya vyombo vya ndani usigongwe kabisa.

ALIYEWAHI KUWA AFISA MIKOPO

Mtaa wako ukikataa, fomu inapelekwa mtaa wa pili. Tulikuwa tunafanya hivyo.

MWENYEKITI WA MTAA

Anavyosema ni kweli. Labda kata nzima ikubaliane kwenye kikao cha maendeleo cha kata, diwani akiwepo. Na hiyo elfu mbili ya muhuri mseme itatoka wapi.