Naomba ushauri: nataka kusoma tawasifu zaidi, nijiwekee lengo gani?

Habari zenu wakuu. Miaka yote nimekuwa mtu wa riwaya, sasa nataka nisome zaidi vitabu ambavyo watu wanasimulia maisha yao wenyewe. Ninapokwama ni kwenye lengo. Nikihesabu vitabu, najijua, nitakimbilia vyembamba na kukikwepa cha Mandela cha mwaka 1994 kwa unene wake tu. Nikihesabu kurasa kwa siku, inageuka kazi ya shule. Nimewaza kupanga kwa aina ya maisha: mwezi huu wafungwa, ujao wanasayansi, kisha wasanii. Wanasiasa watasubiri, wengi wanajisafisha mno. Wenzangu mnapimaje? Na mwandishi akianza kujisifu tangu ukurasa wa kwanza, mnavumilia au mnafunga kitabu?