Saini za mtandaoni dhidi ya vita vya nyuklia: zinamfikia nani?

mtoa_mada
Wakuu, Tanzania ilitia saini Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia tarehe 26 Septemba 2019. Saini pekee haitufungi kama mwanachama. Bunge lazima liridhie, kwa ibara ya 63(3)(e) ya Katiba. Kampeni nyingi mtandaoni zinakusanya majina chini ya "tunataka amani duniani", na hakuna ofisa anayelazimika kujibu. Naona kila ombi litaje kitendo kimoja na ofisi moja: "Tunaomba Waziri wa Mambo ya Nje apeleke bungeni azimio la kuridhia Mkataba." Mnasemaje?

hoja_kavu
Napinga, mkuu. Nchi 9 zenye silaha hizo hazimo kwenye mkataba huo, na Marekani na Urusi ndizo zenye karibu asilimia 90 ya vichwa vyote vya nyuklia. Kinachonitisha zaidi ni haraka. Kombora la masafa marefu huvuka kutoka Urusi hadi Marekani kwa dakika kama 30. Rais anabakiwa na dakika chache za kuamua. Tarehe 26 Septemba 1983 mitambo ya Kisovieti ilionyesha makombora ya Marekani yanakuja. Stanislav Petrov, ofisa wa jeshi la Kisovieti aliyekuwa zamu, aliripoti kuwa ni kengele ya uongo, na kweli setilaiti ilikuwa imedanganywa na mwanga wa jua kwenye mawingu. Januari 1995 roketi ya utafiti kutoka Norway ilidhaniwa kuwa kombora, hadi Rais Yeltsin wa Urusi akafunguliwa mkoba wa nyuklia, ule wa kuamuru mashambulizi. Tudai makombora yaondolewe kwenye utayari wa kufyatuliwa papo hapo.

mtoa_mada
Tumdai nani? Mbunge wangu hana kauli juu ya makombora yaliyoko Wyoming, Marekani.

hoja_kavu
Wizara ya Mambo ya Nje ina kura. Kamati ya Kwanza ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, inayoshughulikia upunguzaji wa silaha, hukutana kila Oktoba, na kumekuwa na maazimio ya kupunguza utayari huo. Kura ya kila nchi huandikwa kwa jina. Barua ifike wizarani Agosti, wajumbe wa New York wakiwa bado hawajapewa maelekezo. Ikifika Novemba umechelewa.

pwani_ke
Huku Kenya tulipiga kura ya ndiyo kupitisha Mkataba huo 2017 na nchi nyingine 121, lakini saini hatujaweka. Njia ipo: kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kufutwafutwa, mada ikiwa juu ya kila karatasi. Useme kama uliwahi kuipelekea ofisi husika suala hilo na ilijibu nini, na kwamba haliko mahakamani. Mwisho uweke unachoomba, kisha jina, anwani, nambari ya kitambulisho, na sahihi au alama ya kidole gumba. Hapa ndipo kampeni za kubofya zinapoanguka: zina barua pepe tu, hivyo Karani wa Bunge hana cha kupokea. Mtandao utumike kupata watu wa kubeba karatasi mitaani. Na tafadhali, nambari za vitambulisho zisiwekwe kwenye jedwali lililo wazi kwa kila mwenye linki, matapeli wanazisubiri.

Jingine: WhatsApp ikishaona ujumbe umesambazwa mara nyingi, inaruhusu kuutuma gumzo moja tu kwa mara moja. Zungumzeni na maadmini wa makundi, kila mmoja aandike kwa maneno yake.

likasi
Ndugu, msisahau Katanga. Urani nyingi ya bomu la Hiroshima ilitoka mgodi wa Shinkolobwe huko. Congo iliridhia mkataba 2022, na kifungu cha 6 kinataka waathirika wasaidiwe. Tukitumie kwa familia za wachimbaji.

mtoa_mada
Ndugu yangu, kifungu cha 6 kinataja walioathirika na matumizi au majaribio ya silaha. Uchimbaji haumo. Mwanasheria wa wizara akiona kosa hilo, ataiweka kando barua nzima. Shinkolobwe itangulie kwenye ujumbe wa kuwaeleza watu kwa nini jambo hili ni letu. Dai la wachimbaji liende kwa sheria za madini na mazingira.

hoja_kavu
Hilo nakubali. Basi ziwe barua mbili: ya kuridhia na ya kura ya Oktoba. Mkizichanganya, kila idara itasema inahusu wenzao. Ila kama watu ni wachache, mimi bado nasema waanze na ya Oktoba.