Nimelipa laki nane na nusu watangaze tovuti yangu, wameniharibia jina kwa wafugaji

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Nina tovuti na ukurasa wa Facebook wa ufugaji wa kuku wa kienyeji na chotara, niko Morogoro, huu mwaka wa nne. Sina ofisi wala mfadhili, naandika usiku nikishafunga banda. Mali yangu kubwa ilikuwa orodha ya barua pepe za wafugaji 1,140, na orodha hiyo sikuinunua popote. Majina mengi niliyapata viwanja vya Nanenane, nimesimama juani na kaunta buku, mtu ananiuliza habari za kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, namjibu, akiridhika anaandika anwani yake kwa mkono wake mwenyewe. Kila Ijumaa niliwatumia barua moja fupi. Na kila miezi mitatu niliwakumbusha chanjo ya kideri, kwa sababu ile ya tone la jicho, I-2, inatakiwa kurudiwa kila miezi mitatu na watu wanasahau.

Julai 2025 nikawapata jamaa wa Dar wanaojiita wakala wa matangazo ya mtandaoni. Jina lao siliweki hapa. Bei 850,000, nikalipa kwa simu mara mbili. Ahadi yao: wafuasi 10,000 "halisi", posti kila siku Facebook, Instagram na X, na barua pepe kwa "wafugaji 40,000". Nikawapa nywila za kurasa na orodha yangu, kwa sharti kwamba wale 1,140 wasiguswe bila mimi kusoma kinachotumwa.

Wafuasi walikuja kweli, ndani ya siku tatu tu. Ukifungua akaunti moja moja hakuna picha, hakuna posti, majina ya herufi na namba, hakuna hata mmoja aliyeuliza bei ya kifaranga. Na hasara yake haiishii hapo. Facebook ikiona unaposti na watu hawagusi, inapunguza kuwaonyesha wengine. Zamani posti ya dalili za kideri ilipata maswali 40 au 50 kutoka kwa wafugaji kabisa. Sasa nina wafuasi 10,000 zaidi na napata maswali mawili. Na hizo posti 30 za X walizonitoza, X hapa kwetu ilikuwa imefungwa tangu Mei 2025, bila VPN, ile programu ya kupita vizuizi vya mtandao, ilikuwa haifunguki. Mfugaji gani wa Mvomero angehangaika na VPN ili asome chanjo ya kuku? Walijua, na bado wakachukua hela.

Kwenye WhatsApp walitupa linki yangu kwenye magrupu ambayo hata sijui waliingiaje. Shangazi yangu aliikuta kwenye grupu la michango ya msiba. MSIBA, jamani. Watu wanachangishana sanda, linaingia tangazo la kuku lenye jina langu na namba yangu. Alinipigia akilia kwa aibu. Wiki ile ile namba yangu ya biashara ikafungiwa.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi huu ni barua pepe.

Tarehe 14 Julai walirusha barua 40,000 kwa siku moja, kupitia anwani ya tovuti yangu, kwa orodha waliyoinunua wanakojua wao, wakachanganya na watu wangu 1,140. Kichwa cha barua: "HARAKA!!! Tajirika na kuku ndani ya siku 30". Sijawahi kuandika sentensi hiyo maishani. Miaka yote nawaambia watu kuku hawataki haraka, halafu barua yenye jina langu inasema hivyo!

Hawa watu wanajiita wataalamu. Tangu Februari 2024 Google wameweka wazi kwamba anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa watu wa Gmail lazima awe na uthibitisho wa mtumaji, yaani SPF, DKIM na DMARC, na barua za matangazo ziwe na sehemu ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja. Na wanaokuripoti kuwa unatuma taka wasifike 0.3%, yaani watu 3 kati ya 1,000. DKIM haikuwekwa. Sehemu ya kujitoa haikuwepo. Mtu amepata barua asiyoiomba na hana pa kutokea, atafanya nini? Ataripoti. Wameripoti wengi, na tangu hapo barua zangu zinaangukia kwenye taka, hata kwa wale walioziomba kwa kalamu yao.

Ukumbusho wa chanjo wa mwanzoni mwa Agosti nao ukaangukia huko huko. Mama mmoja wa Kilosa, msomaji wangu tangu mwaka wa kwanza, alinipigia mwisho wa mwezi. "Mwanangu, mbona safari hii hukutukumbusha?" Kideri kilishaingia kwake. Kuku 60 na kitu, wamebaki tisa. Nilikosa la kumwambia. Najua angeweza kuandika tarehe ukutani, lakini alinitegemea mimi, na mimi ndiye niliyeahidi.

Nimewapigia wakala, wananitumia ripoti ya rangi rangi: "watu 212,000 wamefikiwa". Nimefungua takwimu za tovuti yangu: karibu wote walikaa sekunde mbili wakaondoka. Mwaka juzi niliwaandikia maafisa mifugo 12, kila mmoja barua yake, nikitaja kata yake na tatizo la huko. Saba walijibu, watatu wakaniita kwenye mikutano ya vijiji. Kazi ile ilinichukua jioni mbili na haikunigharimu hata mia.

Ninachodai: warudishe 850,000, wanipe maandishi kwamba orodha ya watu wangu wameifuta, na waseme ile ya 40,000 waliitoa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, na kuna Tume yake. Malalamiko nimeshayaandika, Jumatatu nayapeleka.

Wadau wenye uzoefu, aliyewahi kuokoa anwani ya tovuti iliyochafuliwa hivi anielekeze, au nianze upya na anwani mpya? Na kama ni msomaji wangu unapita hapa, fungua folda ya barua taka, ukiikuta barua ya Ijumaa ya kuku bonyeza kwamba si taka. Chanjo inayofuata ni wiki ya kwanza ya Novemba. Iandike kwenye kalenda, usinisubiri mimi.