Meno ya bandia ya chini hayakai kabisa, naombeni ushauri

Wakuu naombeni ushauri, mama yangu anatumia meno ya bandia ya kuvua, seti nzima juu na chini. Ya juu hayana neno, yananata kwenye kaakaa kwa mate tu, ila ya chini aisee yanaelea, akiongea ulimi unayanyanyua na fizi zenyewe zishasinyaa, gundi nayo haimalizi hata mlo mmoja. Vikulabu vya waya ndo haiwezekani maana hana jino hata moja la kushikizia. Daktari kasema ama aongezewe plastiki kwa ndani, ama apandikizwe skrubu 2 kwenye taya meno yawe yanabana hapo kama vifungo vya kubonyeza. Sasa mama ana kisukari, kuna aliyewekewa skrubu na hali hiyo, kidonda kilipona vizuri?