Mjadala: Je, chama cha walimu kiweke kando mambo ya usawa mpaka mishahara ilingane?

Walimu wenzangu, hoja hii imetolewa na mzee wetu wa historia hapa shuleni Arua, nami nimeona tusiimalizie kwenye chai. Anasema UNATU, chama chetu cha kitaifa cha walimu wa Uganda, kiache kwanza mambo ya jinsia, walimu wenye ulemavu na ulezi wa wasichana. Nguvu zote ziende kwenye mshahara. Tukishiba, tutayarudia.

Nampa haki yake. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye digrii anapata shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi. Sisi wa sanaa, yaani wa masomo kama historia na lugha, tuliosoma miaka ileile, tuko kwenye milioni moja na kidogo, na mwalimu wa msingi hata hiyo haioni. Juni ya mwaka ule tuliweka chaki chini, tukaitwa na Rais, tukarudi darasani, na pengo likabaki. Mimi nafundisha Kiswahili. Mtaala wa 2020 umelifanya somo la lazima Senia 1 na Senia 2, miaka miwili ya kwanza ya sekondari, lakini siku ya mshahara nahesabiwa mwalimu wa sanaa kama wengine. Njaa anayoisema naijua.

Hata hivyo sikubaliani naye. Muhula uliopita mwenzetu mmoja alirudi kazini baada ya siku zake 60 za likizo ya uzazi, zile za sheria ya ajira ya 2006. Alimwacha mtoto nyumbani, mwendo wa saa nzima kwa bodaboda. Saa nne sisi tukiwa kwenye chai, yeye anajifungia stoo ya vitabu, amekalia boksi la chaki, anakamua maziwa kwenye kikombe cha plastiki. Mlango hauna komeo, basi mimi nasimama nje. Siku moja alitoka blauzi imelowa kifuani na kengele imeshalia. Nikavua sweta langu nikamvalisha pale pale mlangoni, akaingia darasani. Alipoomba vipindi vya mchana vipunguzwe, aliambiwa kama kazi imemshinda aseme. Mama huyu hata akilipwa milioni 4 kesho, stoo ile bado haitakuwa na komeo.

Nani atamsemea kama si chama?

*Mwalimu wa msingi, Koboko:*
Dada, kuhusu huyo mama sikupingi. Lakini mimi nimekwenda semina mbili za jinsia. Tulilala hoteli, tukapewa kalamu na nauli, tukaandika mipango kwenye karatasi kubwa za ukutani. Nikarudi shuleni: darasa lina watoto zaidi ya mia, choo cha walimu ni kimoja, wanaume kwa wanawake. Karatasi ile iko kabatini mpaka leo. Mzee amechoshwa na hayo, msimwone mbaya.

*Mwalimu, Nebbi:*
Zipo kazi zilizotoka kwenye karatasi. Kwetu Erussi chama kilishiriki kujenga eneo lisilo na ajira ya watoto. Walimu, wazazi na wakubwa wa vijiji walikaa pamoja kuhakikisha mtoto anatoka shambani anakwenda darasani. Hakuna aliyeongezewa mshahara kwa hilo, lakini mwalimu aliyewahi kupigania mtoto wa mzazi, mzazi huyo anamsikiliza siku ya mgomo.

*Mwalimu asiyeona:*
Naomba mnihesabu na mimi. Madaftari ya wanafunzi nasomewa na kijana, na kijana namlipa kutoka mfukoni. Kila mwezi. Mnaposema mshahara ulingane kwanza, mjue kwamba wangu hautalingana na wenu hata tarakimu zikiwa sawa.

*Mwanzilishi:*
Mwalimu, maneno yako yamenifundisha jambo ambalo sikuliona wakati naandika. Nilikuwa natetea usawa kama kitu kinachokaa kando ya mshahara. Kumbe pesa ya kumlipa msomaji wako ni mshahara wako unaokatwa, na ingepaswa kuwa kwenye barua ileile ya madai.

Kwa ndugu wa Koboko: nakubali, semina bila ufuatiliaji ni hasara, na chama kiulizwe kila tawi limebadilika nini. Ila tusisahau Juni 2025. Walimu wa sanaa waligoma tena, safari hii chini ya chama chao wenyewe, kwa sababu wengi waliona hawasikiki ndani ya UNATU. Tukiwaambia akina mama na wasioona wangoje, tunawafanyia yaleyale yaliyotuuma sisi.

Nataka tawi letu lidai vitu vitatu pamoja na pengo la mishahara: posho ya msomaji, choo cha walimu wa kike, na chumba chenye komeo kwa anayenyonyesha. Mzee wa historia nimemsomea yote haya mchana. Choo na posho ya msomaji amekubali. Kuhusu chumba, bado hajakubali. Kikao cha tawi ni Jumamosi, na ajenda haijafungwa.