Kwa nini mumia za Misri ziliwekewa hirizi ya moyo?

Msomaji wa Kale:
Wanajamvi, salaam. Nimekuwa nikisoma juu ya maziko ya Misri ya Mafirauni, na nimefahamu kwamba kati ya mikunjo ya sanda za mumia, yaani maiti zilizokaushwa ili zisioze, zilitiwa hirizi nyingi, kila moja na kazi yake. Inayonitatiza ni ile ya moyo, yenye umbo la mbawakawa aviringishaye mavi. Ikiwa nyingine zilimkinga marehemu na maadui wa nje, hii ilimkinga na nani?

Mkutubi:
Ilimkinga na moyo wake mwenyewe, ndugu. Kwa Wamisri moyo ndio uliokuwa makao ya akili na kumbukumbu, na ndiyo maana waliohifadhi maiti walitoa mapafu, ini, tumbo na utumbo, lakini moyo wakauacha kifuani. Mbele ya Osiris, mungu wa wafu, ulipimwa kwenye mizani pamoja na unyoya wa Maat, mungu wa kike wa kweli na haki, na ukielemewa na maovu uliliwa na Ammit, dubwana mwenye kichwa cha mamba, na mwenye moyo huo akatoweka milele. Kwa hiyo upande wa chini wa mbawakawa yalichongwa maneno ya sura ya 30B ya Kitabu cha Wafu, mkusanyo wa maneno ya kumsaidia marehemu ahera, ambamo marehemu anausihi moyo aliopewa na mama yake usisimame kutoa ushahidi dhidi yake.

Msomaji wa Kale:
Basi ni kumziba shahidi mdomo! Haki ya Maat iko wapi hapo?

Mkutubi:
Sidhani kwamba wao waliona mgongano. Katika sura ya 125 marehemu anakana makosa 42 mbele ya waamuzi 42, kwa kuwa tamko likitolewa ipasavyo lilikuwa na nguvu ya kulifanya jambo liwe. Hata rangi ilikuwa na uzito: mbawakawa huyo aliagizwa achongwe katika jiwe la kijani, rangi ya mimea na uhai mpya, na hirizi nyingine, fundo la mungu wa kike Isis, katika jiwe jekundu, rangi ya damu yake.

Bint Pwani:
Agizo la jiwe halikufuatwa daima. Mwaka 2023 Sahar Saleem, mtaalamu wa radiolojia wa Misri, na wenzake walichapisha picha za mionzi za mumia ya kijana wa miaka 14 au 15, iliyopatikana Nag el-Hassay, kusini mwa Misri, mwaka 1916 na kuwekwa ghalani katika jumba la makumbusho la Cairo bila kufunguliwa. Walihesabu hirizi 49. Mbawakawa wake ni wa dhahabu, tena yumo ndani ya kifua chenyewe, na kinywani mna ulimi wa dhahabu ili aweze kusema huko aendako.