Programu ya ramani za ziwa: turudishieni uhuru wa kupanga rangi za kina!

Wakuu, nimevumilia wiki tatu. Leo nasema.

Mimi napima kina cha maji Ghuba ya Mwanza. Nafunga kipima kina kwenye boti, napita mistari kwenda na kurudi kama mtu anayelima, jioni naingiza vipimo kwenye kompyuta na kuchora ramani. Wateja wangu ni wafugaji wa sato kwenye vizimba na manahodha wa boti za mizigo. Programu nailipia laki nne na nusu kila mwaka tangu 2019, na sijawahi kuchelewesha hata siku moja.

Sasa limekuja toleo jipya, wameondoa sehemu ya kupanga rangi mwenyewe. Zimebaki paleti (seti za rangi) tano walizotengeneza wao, na mipaka ya kina huruhusiwi kuigusa. Ngazi ya kwanza ya rangi inaanza 0 hadi mita 20. Ishirini, wakuu! Ghuba yetu sehemu kubwa haifiki hata mita 25. Nikifungua kazi zangu zote za nyuma, ghuba nzima ni buluu moja. Ziwa Victoria lenyewe, pale penye kina kirefu kabisa, ni kama mita 80 tu, lakini ngazi zao zinashuka mpaka 1,500. Labda walikuwa wanafikiria Ziwa Tanganyika, ambayo kina chake kinafika mita 1,470. Hata huko, mvuvi anayetega karibu na ufuko, tofauti ya mita 900 na 1,000 inamsaidia nini?

Paleti yangu ilikuwa hivi: chini ya mita moja na nusu nyekundu, hadi mita 3 chungwa, hadi 8 njano, kuanzia hapo buluu. Hiyo 8 sikuiokota. Kizimba chenye wavu wa mita 5 lazima kibakize maji ya kutosha chini yake, la sivyo kinyesi na mabaki ya chakula vinarundikana chini ya samaki. Mteja alikuwa haulizi namba, ananyoosha kidole kwenye buluu, "weka hapa", tunamaliza.

Nina nahodha mmoja, mzee wangu, macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani. Nilimtengenezea ya njano inayokolea mpaka buluu nzito, dakika kumi tu. Leo paleti tatu kati ya tano zao ni za nyekundu na kijani. Mwingine amesomea ramani za baharini, ambazo maji ya kina kifupi hupakwa buluu na kina kirefu huachwa cheupe. Hizi za buluu za kwao ni kinyume: kina kifupi buluu iliyofifia, kirefu buluu nzito. Mtu akiwa usiku, mvua inapiga, ndiyo aanze kukumbuka kwamba rangi zimegeuzwa?

Wiki iliyopita kijana wa boti ya mizigo kagonga jiwe. Jiwe hilo nilishalipima, limo kwenye ramani, liko pungufu kidogo ya mita moja na nusu chini ya maji. Zamani lingewaka jekundu katikati ya njano. Safari hii lilikuwa buluu ndani ya buluu. Propela imepinda mabawa mawili, na aliyepigiwa simu ya lawama ni mimi. Mnakumbuka kuanzia mwishoni mwa 2019 hadi 2020 maji yalivyopanda zaidi ya mita moja? Nilisogeza mipaka ya rangi mara moja, na yaliposhuka nikairudisha. Sasa yakishuka tena nifanye nini?

Nimewaandikia huduma kwa wateja mara nne. Jibu nililopata: "paleti za kawaida zinatosheleza watumiaji wengi." Nikajaribu kuingiza faili langu la zamani la rangi, linakataliwa. Hawakutuuliza, hawakututangazia, pesa ya mwaka mzima wameshachukua. Huu ni uonevu.

Naomba msaada wenu. Aliyetunza faili la kusakinisha toleo la nyuma anitumie ujumbe. Na kama kuna mdau aliyehamia QGIS, ile programu nyingine ya kuchora ramani: najua kule mipaka ya rangi unaandika mwenyewe, lakini je, umefanikiwa kuipeleka ramani kwenye skrini ya boti ikiwa na rangi zake? Nina wateja wawili wanaoweka vizimba mwisho wa mwezi, na siwezi kuwapa ramani ya buluu tupu.